Kitabuni Binti Harudi

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nilikuwa mgahawani Nyakanazi nikisubiri basi la Ngara, nimechoka. Kwenye runinga, mtafsiri wa filamu alikuwa akipaza sauti kuliko wahusika wenyewe: binti aliyechukuliwa na majini wa mlimani anarudi kwa mama yake akiwa malkia. Mama mwenye mgahawa alisimama na mwiko mkononi, akapiga vigelegele.

Kitabu kilichozaa filamu hiyo nilikisoma chuoni kwa Kiingereza, na nilikuwa nacho begini. Siwezi kunyamaza jambo likikosewa.

"Shikamoo mama. Hapo wamebadilisha. Kwenye tamthilia mpya ya hadithi hii anarudi kipofu. Kitabuni harudi kabisa."

"Marahaba. Harudi? Mwenye kitabu kamwacha huko huko?"

"Kamwacha."

Akazima runinga, akaingia jikoni.

Dereva wa lori niliyekaa naye meza moja akaacha kutafuna. "Dada msomi, nani alikuuliza? Binti wa mama huyu aliondoka na mwanaume mwaka juzi, hata simu hapigi. Filamu hii anaiweka kila siku."

Basi halikuja. Nikachukua chumba gesti, nikafungua ukurasa wa mwisho. Hakuna palipoandikwa kwamba binti harudi. Mama yake anaendelea kuteka maji ya watu wawili, basi. Mimi mpenda usahihi nilikuwa nimeongeza yangu, kama wenye filamu.

Asubuhi nilirudi mgahawani, nikamtafsiria ukurasa ule huku akikanda unga wa chapati.

"Rudia hapo pa maji," akasema.

Nilirudia mara tatu. Basi la Ngara likapiga honi, sikuinuka.