Viatu Chini ya Leso

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha hesabu mjini Nyeri, na aibu yangu ya Jumamosi ni kwamba naandika hadithi za wahusika wasio wangu. Nina mwenzangu katika dhambi hiyo, mpagazi wa wapanda mlima kutoka Naro Moru. Tunachukua watu wa tamthilia mbili za televisheni, tunawachanganya sufuria moja kama githeri, kisha tunawaweka mtandaoni watu wasome bure. Msomaji wetu wa kwanza kila wiki ni mdogo wangu wa kike. Tunaishi naye nyumba moja tangu uchumba wake uvunjike.

Jumamosi hiyo tulikuwa hotelini tukitafuta namna ya kumkutanisha daktari mpole wa tamthilia ya Kikorea na mpelelezi mlevi wa tamthilia ya hapa kwetu. Mwenzangu alikuwa ameagiza mutura, utumbo uliojazwa nyama ukachomwa. Alikula kwa vidole, kisha akashika daftari langu kwa vidole hivyo hivyo. Nilitazama doa la mafuta likienea kwenye karatasi, nikashikwa na kinyaa hata chai ikanishinda.

"Niko nayo!" akasema. "Daktari amekuja Nyeri kuoa. Wasichana wamefunikwa leso, achague wake. Anashika mwingine! Watu wanacheka, kumbe hapo ndio kesi inaanza."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Si ni wewe uliniambia? Ile ya sista yako. Ulicheka mpaka machozi ikatoka."

Ni kweli, nilimsimulia. Siku ya posa ya mdogo wangu tulimfunika pamoja na wasichana wengine, leso za rangi moja kuanzia kichwani, kama ilivyo desturi yetu, mchumba wake akaja kumtafuta. Akamshika mkono binamu yetu wa Murang'a. Watu walivunjika mbavu, akatozwa faini, mambo yakaendelea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwoa huyo binamu. Tangu hapo mdogo wangu hakanyagi sherehe ya mtu. Na sasa huyu bwana, midomo inang'aa mafuta ya mutura, anataka kumfanya kichekesho cha watu asiowajua. Nilitamani kumwagia chai.

"Sasa tumpe mpelelezi kazi," akaendelea huku akijinyonya kidole gumba. "Ati daktari amekosea hivi hivi tu? Hapana. Lazima kuna mtu alifanya kitu. Tunataka mtu mbaya."

Ningeondoka. Mkoba ulikuwa tayari begani. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema, "Viatu."

"Viatu gani?"

"Leso hazifiki chini. Daktari alikuwa akitafuta viatu alivyomnunulia mchumba wake. Kuna mtu alivibadilisha."

"Wueh! Nani?"

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilivibadilisha mimi, kule chumbani, nikamvalisha binamu viatu vya mdogo wangu. Ulikuwa utani tu, shemeji ahangaike kidogo, tucheke. Kila nikisimulia kisa hicho hapo huwa naparuka.

"Dada yake," nikasema.

Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hiyo ni kali! Dada alikuwa na wivu!"

"Hakuwa na wivu."

"Mwalimu, bila wivu hakuna hadithi."

Akaandika, nami nikamsahihishia maneno mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu ninayosahihishia madaftari ya shule. Nilikuwa nimemwona yeye mchafu kwa sababu ya mafuta ya nyama. Nilijichukia hata nikaona ladha ya chuki hiyo mdomoni. Hadithi aliituma kabla hajapanda gari la Naro Moru, na sikumzuia.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Mdogo wangu akaingia na simu mkononi.

"Nimeisoma," akasema. "Hiyo ni yangu."

Nikaweka kisu chini. Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia.

"Usiogope, sijakasirika. Hata nimecheka hapo kwa daktari." Akakichukua kisu, akaendelea kukata pale nilipoachia. "Lakini hapo kwa dada mmetia chumvi. Dada ya mtu hawezi."