Mwanamke wa Mkia na Kitabu cha Salome

Sinywi pombe, na jioni ile sikuwa na homa. Nayasema mapema kwa sababu hapa Mtinko wapo wanaodai msiba ulinichanganya. Msiba ulinikuta, ni kweli. Macho yangu yalikuwa mazima.

Mke wangu, Salome, alikuwa akinisomea riwaya aliyoletewa na binti yetu Neema, anayesoma Dodoma. Ilitoka nchi za baridi huko kaskazini mwa Ulaya, ikatiwa Kiswahili. Ndani mna jitu linaloishi chini ya mlima, linawaomba radhi wageni kabla ya kuwala. Mna wanawake wazuri wenye mikia ya ng'ombe, na msichana aliyefungiwa mlimani. Tulicheka, kisha tukaogopa kwenda kufunga zizi. Kila penye theluji Salome alisimama: "Kama ile chumvi ya pembeni mwa ziwa, baba Neema, ila ya baridi." Hakuacha hata mara moja, mpaka nikawa namtania: "Chumvi tena, mama Neema?"

Alipougua, kitabu kilikuwa hakijaisha. Aliniambia, "Kimalize wewe. Uje uniambie kama yule msichana alitoka."

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nasoma kwa kidole.

Basi, tulimzika, na uwele ulipokomaa nikawa nafukuza ndege shambani huku nasoma. Jioni moja ndege walikuwa wamekwenda kulala, nami bado nimeketi juu ya jiwe. Mwanamke akatokea katikati ya mawe makubwa, amejifunga kanga, mgeni kwangu.

"Unasoma kama mtu anayepalilia juu ya mwamba," akasema.

"Jembe ni langu, mama," nikamjibu.

Akacheka, akaketi. "Nipe nikusomee. Nitakuja kila jioni. Ila ukishanipa, wewe usisome tena."

Akaweka mkono juu ya ukurasa, akaanza. Niamini: ilikuwa sauti ya Salome. Hata kile kikohozi kidogo kabla ya aya mpya. Machozi yalinitoka. Ungekuwa wewe, ungemnyang'anya? Mimi nilikuwa nimeshalegeza vidole.

Kisha akafika penye theluji. Akapita. Penye theluji tena, akapita. Hakuna chumvi.

Nikatazama chini. Nyuma ya kanga mkia ulikuwa ukifukuza nzi taratibu, kama wa ng'ombe aliyeshiba. Kitabu kilishanifundisha kwamba wa aina ile hatukanwi.

"Mama," nikasema, "kanga imepanda kidogo nyuma. Na kitabu naomba. Nitasoma mwenyewe."

Akaishusha kanga kwa aibu. "Una adabu," akasema, sasa kwa sauti yake, nzito, ya kooni. "Lakini utachelewa."

"Nitachelewa," nikasema.

Akarudi kwenye mawe, mahali pasipo na njia.

Nilichelewa kweli. Uwele ulivunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani, bado nasoma. Lakini nilikimaliza, neno kwa neno, na kila penye theluji nilisema chumvi. Maishani mwangu sijajivunia kitu kama hicho. Nikaenda kaburini nikamwambia Salome: alitoka. Alitoka kwa miguu yake.

Mpaka leo ng'ombe wangu hawapiti karibu na mawe yale, na ukurasa alioushika yule mwanamke unanuka maziwa mabichi. Nawe ukisikia sauti ya marehemu wako, usikimbilie kufurahi. Sikiliza kwanza kama inasimama pale alipozoea kusimama.