Kwato za Punda wa Karatasi

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto wa darasa la kwanza hujifunza kwa vidole kabla hajajifunza kwa masikio. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na bado naamini. Jambo ambalo wakufunzi wangu hawakulitaja ni kwamba kamati ya shule hujifunza kwa mdomo peke yake.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Migori, katikati ya mashamba ya tumbaku, nami nilifika kutoka Homa Bay nikiwa na furushi la uzi wa nyavu na imani tele. Muhula ulipokaribia kufungwa kwa Pasaka, niliwaagiza watoto walete mifuko ya saruji na pakiti za unga. Tungekata wanyama, tuwabandike kwa uji mzito wa muhogo, tuwaning'inize kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta, na siku ya kufunga shule wazazi waje waone.

Kila mtoto alichagua mnyama wake. Ng'ombe walitosha kujaza boma. Msichana mmoja, ambaye tangu Januari sauti yake nilikuwa nimeisikia wakati wa kuitikia jina tu, alikata punda. Bibi yake aliyemlea, dani kama alivyomwita, aliwauzia watu maji aliyoyabeba kwa punda kutoka mtoni, na hakuwahi kukanyaga shuleni kwa sababu, alivyosema, shule ina macho mengi. Safari hii alikuwa ameahidi kuja. Mtoto alinieleza hayo yote kwa pumzi moja.

"Nimemwambia atamwona punda wake ukutani," alisema, akarudi kwenye karatasi yake.

Kamati yetu ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, wanaosali Jumamosi na wanaosali Jumapili, na kwa hiyo haikuwahi kukubaliana juu ya paa, madawati, wala choo cha wavulana kilichobomolewa na mvua ya mwaka uliotangulia. Juu ya wanyama wa karatasi, hata hivyo, ilikutana upesi ajabu.

Mwenyekiti, mzee wa Jumamosi, alikuja na Biblia, akapita chini ya uzi akiwakagua wanyama mmoja mmoja kama daktari wa mifugo mnadani. Ng'ombe walipita. Mbuzi walipita. Sungura alianguka papo hapo, kwani maandiko yanamtaja miongoni mwa wanyama najisi, wasioliwa. Nguruwe alishushwa bila kusikilizwa, akafuatwa na kambare, ambaye Mungu hakumpa magamba. Wa Jumapili, ambao hawakuwa na ugomvi wowote na nguruwe, hasa wa kukaanga, walinyamaza. Walikuwa wakihifadhi nguvu za kudai kwamba mwanakondoo awe mkubwa kuliko ng'ombe wote. Nilipokumbusha kwa heshima kwamba wanyama hawa hawataliwa na mtu, mjumbe mmoja alijibu kwamba gundi ni uji, na watoto wameonekana wakilamba vidole.

Mwenyekiti akafika kwa punda.

"Huyu kwato zake hazikupasuka," alisema. "Na hacheui. Najisi."

"Jaduong'," nikasema, kama tunavyomwita mzee wa heshima, "Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya punda."

"Alimpanda, mwalimu. Hakumtundika."

Wajumbe walicheka kwa kuridhika, wa siku zote mbili, na huo ndio umoja wa Wakristo nilioushuhudia katika wilaya yetu. Kisha wakaketi kunywa chai. Ilikuwa imepikwa kwa maji ya bibi wa yule mtoto, wala hakuna aliyeuliza habari za kwato za mnyama aliyeyaleta.

Nilimrudishia msichana punda wake na kumweleza sababu, kwa maana naamini mtoto anastahili kupewa sababu, hata zile za aibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliomba mkasi, ule mmoja tuliokuwa nao, akaketi sakafuni, akazipasua kwato katikati, zote nne, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Halafu akatoka nje, akang'oa nyasi, akazibandika kinywani mwa punda. Akampeleka mwenyewe mezani kwa wazee.

"Zimepasuka," alimwambia mwenyekiti. "Na anatafuna."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini, akavaa miwani. Angeweza kucheka, lakini alikuwa mtu wa sheria. Alizipindua kwato moja baada ya nyingine. Mjumbe wa vidole vya uji akasema kwamba kutafuna si kucheua.

"Hajameza bado," mwenyekiti akamjibu. "Mpe muda."

Punda akarudi ukutani.

Siku ya kufunga shule bibi alikuja, akasimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia. Mjukuu wake akamshika mkono, akamwongoza moja kwa moja hadi chini ya punda. Bibi alimtazama kwa jicho la mtu anayetaka kununua, kuanzia masikio kushuka hadi chini, akakunja uso.

"Miguu hii imeharibika," alisema. "Punda wa kwato kama hizi hafiki mtoni."

"Huyu si wa maji, dani," mtoto akamtuliza. "Huyu ni wa kamati."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoufahamu.