Nilifuta mapafu kwenye picha, na kompyuta bado ikasema kuna uvimbe

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Hii sikuambiwa na mtu, ilinipata mimi, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni medical physicist mdogo, yaani mtu wa fizikia hospitalini. Fizikia nilisomea, lakini coding nilijifunza mwenyewe kwa laptop ya zamani huko kwetu Munyaka. Kazi yangu ni kufundisha kompyuta kutambua uvimbe wa mapafu kwa picha za CT, zile za mashine inayoonyesha ndani ya mwili.

Contract yangu ilikuwa inaisha, na Daktari, boss wetu, alikuwa awaonyeshe wafadhili matokeo yangu Ijumaa.

Matokeo yalikuja safi mno. Kompyuta ilikuwa karibu haikosi.

Wenzangu walishangilia. Mimi nikarudi kuyaangalia upya.

(Mimi ni yule mtu hufunga mlango, anarudi kuangalia kama umefungwa, halafu anarudi tena.)

Kuna uvimbe mdogo hadi madaktari wenyewe wanabishana. Hii yangu inauonaje?

Nilishuku data. Nikashuku code. Nikajishuku.

Mwishowe nikajaribu kitu cha kijinga. Nilipaka mapafu yote rangi nyeusi kwenye picha, nikairudishia kompyuta.

Bado ikasema: uvimbe upo. Na ilikuwa sahihi!

Wakuu, kama mapafu hayapo, inaangalia nini?

Nikaweka picha kando kando. Wenye uvimbe, chini ya mgongo kulikuwa na mistari hafifu. Wazima, hakuna.

Nikashuka kwa Mama Nekesa, anayepiga picha za CT.

"Si hiyo ni blanketi!" akacheka. "Waliolazwa wanaletwa nazo kutoka wodi. Na hii baridi, niwanyang'anye kwa nini? Wenye wanatoka nyumbani wanalala tu kwa meza."

Na waliolazwa ndio wengi wao walikuwa na uvimbe. Kompyuta yangu ilikuwa inasoma blanketi, si mapafu.

Nikamwambia Daktari.

"Sasa kijana, niambie wafadhili tumevumbua mashine ya kutafuta blanketi?"

Sikucheka. Nikasema jina langu litoke kwa hayo matokeo.

Akaacha mzaha. Kisha: "Kata blanketi zote kwenye picha. Rudia."

Ijumaa aliwaonyesha wafadhili alama mpya, za chini kabisa. Hizo ndizo za kwanza nimeziamini.

Contract? Sijaambiwa kitu. Mtu akinisalimia vizuri kwa corridor nashuku anajua jambo.

Nilichojifunza: kompyuta ikikupa jibu tamu, ficha swali uone kama bado itajibu.

Wenye mko kwa hii kazi, semeni ukweli: blanketi yenu ilikuwa gani?