Ziwa la mawese

Juzi nilikuwa katika ofisi ya shule moja hapa Rumonge, nikisubiri karani aipige muhuri karatasi ya mwanangu. Akaingia bibi mmoja na mchoro wa mjukuu wake.

"Mwalimu, mutoto amepata mbili juu ya kumi. Sababu gani?"

Mwalimu wa uchoraji, aliyekuwa meza ya pili, akaigusa karatasi ya mchoro kwa ncha ya kalamu nyekundu. "Bibi, niliomba wachore ziwa. Hii imelowa mafuta. Ni uchafu."

"Nyumbani rangi hakuna, iko mawese tu. Alipaka hayo."

Bibi akaenda dirishani, akaibandika karatasi kwenye kioo. Jua likapenya palipolowa. Ziwa zima likawaka rangi ya chungwa, na mitumbwi ya penseli ikasimama nyeusi katikati ya mwanga. Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Sikuwahi kuliona hivyo. Karani alibaki na muhuri hewani.

Mwalimu akaifuta ile mbili. "Sasa niandike ngapi, Bibi?"

"Mwalimu ni wewe."

Hakuandika kitu.

Husemwa kwamba mtoto asipopewa alama hajitahidi. Labda. Mimi nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka muhuri.