Siku Nilipoligeuza Bakuli la Wakwe Kuwa Fuvu

Bora niseme mwenyewe kabla Tantine Rachel hajawafikia na habari yake, maana kwenye habari yake kuna mapepo na mimi nina mkia: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule msichana wa Joubert Park aliyesababisha mama wa watu, aliyetoka Uswidi kwa ndege na zawadi mkononi, akemewe kwa jina la Yesu sebuleni kwetu, mchana kweupe, madirisha wazi, jirani wa chini akigonga dari kwa mpini wa ufagio. Mkishacheka, niambieni niendelee.

Mnamjua dada yangu Furaha, yule anayesuka nywele karibu na stesheni ya Park. Basi Furaha alimpata Anders, Mswidi mrefu kama nguzo ya robot, zile taa za barabarani pale makutano, kazi yake kufunga spika za matamasha kule Newtown, mtu mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba samahani. Walipendana mwaka mzima, halafu Anders akasema anataka kuoa, na hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwao yakaingia mikononi mwa Mjomba Kasongo.

Sisi hapa ni wahamiaji, kwetu ni Lubumbashi. Kwetu mwanaume haji kuomba mke na mdomo mtupu, anakuja na kinywaji. Upande wake wanamimina, binti mwenyewe anakipokea, anapiga magoti na kumpelekea mjomba wake, kaka ya mama. Mjomba akinywa, posa imekubaliwa. Akikiweka chini bila kuonja, jamaa achukue viatu vyake mlangoni aende salama, hakuna rufaa. Na Mjomba Kasongo ni mlinzi mkuu wa maduka kule Fordsburg, mtu aliyezoea kukagua mifuko ya watu, hata biskuti ukimpa anaigeuza kwanza aone nyuma kuna nini. Alipoambiwa habari za Mswidi alisema maneno haya tu: "Nitakuja nimwangalie. Kunywa, tutaona." Furaha akapiga pasi gauni lilelile mpaka nikaanza kulionea huruma.

Mimi nikateuliwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha Mama kinaishia sokoni, cha Mjomba ni cha "fungua begi", na Furaha siku hiyo ni bibi harusi mtarajiwa, haruhusiwi kusema sana. (Waliniteua mimi, Espérance, niliyewahi kutolewa darasani kwa kuiga mwendo wa mwalimu mkuu wakati mwalimu mkuu yuko nyuma yangu. Kosa la kwanza ni lao.)

Sasa, kwa kuwa nilitaka kuonekana msomi, asubuhi ile nikaingia kwenye simu kutafuta wenzetu wa kule wanakunywaje. Nikakuta wanasema skål, itamke kama skoli halafu umeze ile i. Nikakuta na maelezo ya namna mbili. Ya kwanza marefu, yanachosha, yanazungumzia neno lenye maana ya bakuli, watu wa kale kukaa pamoja na kupokezana. Nikapiga miayo. Ya pili mafupi, matamu: eti mababu zao wapiganaji walikuwa wakimuua adui wanamkata kichwa, wanakausha fuvu, wananywea pombe. Chini yake mtu ameandika kwamba hiyo ni hadithi ya kuwauzia watalii tu. Niliisoma hiyo sentensi, sikatai. Niliisoma kwa jicho moja.

Nikaingia jikoni. Tantine Rachel, dada yake Mama, kiongozi wa maombi ya wanawake, anageuza samaki. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningenyamaza, lakini nyie mnajua raha ya kumtisha Tantine Rachel.

"Tantine, unajua hawa wageni kwao wananywea nini?"

"Glasi, si glasi?"

"Fuvu."

Mwiko ukasimama hewani. "Fuvu la nini?"

"La mtu, Tantine. Ndiyo maana wakigonganisha wanasema skål."

"Mungu wangu, hawa batu!" Akazima jiko. Samaki nusu mbichi, akatoka. Mimi nikabaki nacheka na friji. Sikujua kwamba amekwenda moja kwa moja kwa Mjomba, aliyekuwa ameshafika sebuleni, wala kwamba amemnong'oneza kwa sauti yake ya maombi ya kufunga, ambayo hata mtu akitaka kuipuuza masikio yanakataa.

Wageni wakaja. Anders na suti inayomwacha vifundo vya miguu nje, na mama yake, Birgit, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya mpanda milima, akamkumbatia kila mtu mpaka Mjomba, ambaye hajakumbatiwa tangu avae sare. Wakakaa. Mama akaomba, kwa hiyo tukakaa sana. Halafu Anders akaweka mezani chupa ya soda ya tangawizi aliyoleta kama kinywaji cha posa (tulishamwambia bia nyumbani kwetu haiingii), na hapo Birgit akanyoosha kidole: subirini. Akafungua begi lake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

Nilimwona Mjomba akilitazama lile begi kikazi.

Birgit akafunua polepole, kwa heshima, kama anayefunua mtoto aliyelala. Kilichojitokeza ni kitu cha mviringo, cha rangi ya mfupa, kinang'aa kwa kushikwa na mikono mingi, na upande mmoja, jamani naapa, mafundo mawili meusi ya mti yamekaa sambamba yanatutazama.

"KWA JINA LA YESU!" Tantine Rachel alikuwa juu ya kiti kabla hatujajua ameinuka. "Kwa jina la Yesu, toka! Rudi ulikotoka!"

Birgit akanigeukia kwa upole, akaniuliza Tantine anasema nini. Na mimi, mkalimani mteule, nikamwambia anaombea chombo baraka. Basi Birgit akafurahi, akafumba macho, akaunganisha mikono, akaitikia amina kila Tantine alipokemea. Tantine akaona pepo linaitikia amina, akaongeza sauti. Jirani wa chini akaongeza ufagio.

Mama akanivuta sikio. "Muulize kile kitu ni cha nani!"

Nikauliza. Birgit akajibu, macho yana machozi kidogo, nami nikatafsiri, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeshaganda na mdomo unafanya kazi peke yake: "Anasema kilikuwa cha babu yake. Kila harusi ya ukoo wao hukitoa, wakanywea wote."

"Cha babu yake!" Tantine akashika kifua. "Si adui hata! Babu wa damu! Kasongo, umesikia?"

Mjomba alikuwa amesikia. Hakupiga kelele, na ndicho kilichotisha. Birgit alikuwa ameshamimina tangawizi mle ndani, amemtolea macho Mjomba, anamtazama moja kwa moja, hapepesi. Kwetu mgeni hamkodolei mkubwa macho namna ile labda awe anamtafutia ugomvi. Mjomba naye, ambaye kazini hulipwa kwa kukodoa, akamrudishia. Wakatazamana hivyo, tangawizi katikati inapoa (ilikuwa baridi, lakini mnanielewa), halafu Mjomba akasimama.

"Furaha," alisema. "Niletee koti langu."

Hapo utani ukanitoka mwilini. Furaha hakulia. Alisimama tu, akaenda ulipo mlango ambako koti limetundikwa, akaweka mkono juu yake asilitoe. Anders hajui lugha lakini koti analijua. Akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha rangi ambayo sisi hatuna.

"Mjomba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka. "Mjomba, si fuvu. Ni bakuli. La mti. Fuvu nimelitia mimi."

Tantine akashuka kwenye kiti mguu mmoja.

"Umelitia wapi?"

"Kwenye... kwenye Tantine."

Ikabidi nirudie yote, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza mbele ya Birgit mwenyewe, na naomba msije mkapatwa na siku ya kumweleza mama wa watu kwamba umewaambia wakwe zake babu yake alikuwa chombo. Nilitegemea acheke, wazee wa aina ile hucheka. Hakucheka. Alikaa wima kama mwalimu, akanitafsirisha neno kwa neno, na nilipojaribu kufupisha Anders akaniambia bado hajamaliza.

Alisema skål ni bakuli, basi. Watu wa kwao walikuwa na bakuli moja na baridi nyingi, wakakaa kwa duara, linapita mkono kwa mkono, na anayelipokea anawatakia wenzake heri kabla hajanywa, mpaka jina la chombo likawa ndiyo heri yenyewe. Habari ya mafuvu alisema huuzwa pamoja na kofia za pembe kwa watalii. Babu yake alikuwa seremala wa makabati, hakumkata mtu kichwa, alijikata kidole tu.

"Na macho?" Mjomba aliuliza, bado amesimama. "Mwulize kwa nini ananikodolea."

Birgit akaeleza: unamtazama mwenzio machoni, unanywa, unamtazama tena. Ukiinamisha macho ni kama umekunywa peke yako. Na asingeweza kunywa kabla ya Mjomba, kwani mkubwa wa wenyeji ndiye huanza. Kumbe alikuwa anamsubiri Mjomba aseme skål, na Mjomba naye anasubiri Furaha apige magoti!

Mjomba akafikiri. "Mtu asiyekutazama, kweli, ana kitu mfukoni," alisema kikazi, akaketi. Roho ya Furaha ikarudi tukaiona ikirudi. Lakini Mjomba hakulipokea bakuli. Akanielekeza kidole.

"Aliyeona fuvu ndiye ataonja. Kama kuna sumu, tutajua."

Nikalishika kwa mikono miwili. Nikamtazama Birgit machoni (kumtazama mtu uliyemtukania babu, hiyo ni adhabu kamili peke yake), nikasema skål, nikanywa. Ile tangawizi ilikuwa kali, ikanipanda puani, machozi mpaka kidevuni, na sikuthubutu kupepesa.

"Weye!" Tantine Rachel akapiga kofi hewani. "Amekunywa! Mtoto amekunywa kinywaji cha posa! Upande wetu umeshakunywa!"

Mama akakaa chini. Furaha akaniangalia. Mimi nilisimama na masharubu ya povu, sijui kama nimeokoa ndoa au nimeiua mara ya pili.

Mjomba akajikuna shingo. "Ni kweli," akasema. "Wa kwanza kunywa ndiye aliyekubali. Posa imekubaliwa na Espérance." Halafu akalichukua bakuli, akamtazama Birgit, akanywa mpaka nusu, akamtazama tena. "Mimi hii ni kiu tu. Lakini sikiliza, wee mtoto. Kwetu aliyekunywa ndiye mwenye ndoa. Wakigombana, wasije kwangu. Waje kwako."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ni utani. Sharp, nikasema, yaani sawa.

Eish.

Mjomba Kasongo hatanii. Wameoana, wanakaa ghorofa ya tatu, na Mjomba simu zao hapokei, anasema tu "nendeni kwa mwenye ndoa." Juzi nina mtihani wa hesabu, Anders kaja kulalamika kwamba Furaha anamsema mbele ya wateja, Furaha kaja nyuma yake kwamba Anders anaosha sufuria kwa nje tu, wamekaa mbele yangu kwenye kochi, wananisubiri. Kisheria siwezi hata kununua bia, na ninaamua kesi ya sufuria. Nimeahidi mbele za Mungu na Tantine Rachel: desturi ya mtu nitaisoma mpaka mwisho, hata ikichosha, na kinywaji chochote nitakachopewa kwenye kikao cha wakubwa nitauliza kwanza nikimeza ninakuwa nani.