Dada Alipokaa Kimya Hewani

Pale redioni walimwita Mkasi, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kukata. Mheshimiwa akikohoa katikati ya hotuba, Mkasi anakitoa kikohozi. Aliyeshuhudia ajali akisema "aa, ee, nanihii," Mkasi anazitoa zote, na mtu wa watu anasikika kama aliyezaliwa ameshika kipaza sauti. Ila adui yake mkubwa alikuwa ukimya. Kwa watu wa redio ukimya ni aibu, ni kama kukutwa uchi na wakwe, na Mkasi aliuchukia hata nyumbani. Mkewe akisita kidogo kutafuta neno, mume keshamtafutia. "Siku nikikata roho," mkewe alizoea kusema, "wewe utanimalizia."

Vita ilipoanza huko mpakani, taarifa ya jeshi ikawa inaletwa kila mchana, nayo ikapewa mahali pake: baada ya bei ya mafuta, kabla ya mpira. Mwanzoni mtangazaji aliisoma kwa sauti nzito. Miezi ikapita, sauti nzito ikamchosha. Tusimlaumu peke yake, maana sisi wenyewe tulikuwa tukisikiliza vifo vya watoto wa wenzetu huku tunatafuna, na tukiulizana nani kapita na chumvi.

Basi mchana mmoja akasoma kwamba askari tisa wameuawa, akageuza karatasi, akasema kwa uchangamfu wake wote, "Haya, hao wamekwenda, sisi twende viwanjani!" Na kwa kuwa Mkasi hajawahi kuchelewa maishani mwake, tangazo la sabuni likaingia palepale, watoto wakirushiana mapovu na mama zao wakiangua vicheko.

Simu zikaanza kulia kabla mapovu hayajaisha. Kufika alasiri watu walikuwa wamejaa getini. Hawakurusha mawe. Walikuja na redio zao, za betri, za mezani, nyingine imefungwa kwa kamba isifumuke, wakaziweka chini zikiwa zimezimwa, wakaondoka. Akabaki baba mmoja mnene mwenye kofia, akipiga kelele, "Wamekwenda wapi? Si mmesema wamekwenda? Semeni wapi!" Mlinzi hakujua alifanyeje lile rundo, akawa analizunguka tu.

Mkasi alichungulia dirishani, akaona watu wanakuza mambo. Neno moja limemponyoka mtu, na sabuni ni sabuni, ina saa yake. Ndivyo tulivyo: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alikuwa bado pale dirishani mkewe alipompigia simu.

"Toka uende kwa dada yako," alisema. "Mwanawe ni mmoja wa wale tisa."

Huyo dada ndiye aliyemlea Mkasi baada ya mama yao kufariki. Alimwogesha, akamchapa, akampeleka shule akimburura mkono. Na huyo mpwa alikuwa mtoto wake wa pekee. Mkasi alimkuta amekaa wima kwenye kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Wakubwa wa jeshi walikuja asubuhi," dada alisema. "Wakaniambia, nikawashukuru. Mchana nikafungua redio. Nilitaka nisikie mtakavyomsema." Akamtazama mdogo wake. "Ile sabuni uliipiga wewe?"

Angeweza kusingizia mitambo. "Ni mimi, dada."

"Nilijua. Hukawii wewe."

Mkasi alikuwa ameshambuliwa na watu wengi kwa maneno makali katika kazi ile, lakini hayo mawili yalimkaa kooni wiki nzima.

Bosi wa redio naye alikuwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Akaja na dawa yake: mama wa askari mmoja azungumze hewani, watu wapoe, waje wachukue redio zao. Na mama si yupo, tena wa nyumbani? Mkasi alikataa. Kesho yake akakataa tena. Hatimaye akaenda, wala si kwa ajili ya bosi. Alitaka dada asikie mwanawe akisemwa kama mtu, na ajue kwamba safari hii mdogo wake ndiye aliyesimamia.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Nitasema," alijibu. "Lakini usinikate."

"Sikukati, dada."

"Nikikohoa, acha. Nikikosea, acha. Nikinyamaza, uniache ninyamaze."

"Haki ya Mungu, sikugusi."

Walirekodi chumbani kwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, raba zimepangwa chini yake, na shati lililokosa kifungo lilining'inia mlangoni. Dada akasema mwanawe hakuwa shujaa. Alikuwa anaogopa mende. Aliingia jeshini kwa sababu walitafuta madereva, naye alipenda magari kuliko chakula. Akiwa mdogo aliendesha kifuniko cha sufuria nyumba nzima, akipiga honi kwa mdomo, na mgeni asiyepisha aligongwa. Hapo dada akacheka, akakohoa. Kisha akasema, "Ile siku ya mwisho alinipigia simu. Nikamwambia, mwanangu nina mboga jikoni, nitakupigia."

Akanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, pumzi tu ndiyo ikisikika kwa mbali. Vidole vilimwasha Mkasi, akavikalia. Mwishowe dada akasema, "Sikumpigia."

Bosi alipoisikiliza alikuna kichwa. "Hapa katikati je?"

"Hapaguswi," Mkasi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe bosi alimwona ana macho makali. Bosi akatazama getini. "Haya."

Siku ya kipindi watu walirudi. Kila mmoja akachomoa redio yake kwenye rundo, akaiwasha, wakasimama kusikiliza palepale barabarani. Ndani, Mkasi alianzisha kipindi, akatia mikono mfukoni isije ikamponza. Dada akasema ya mende. Akasema ya kifuniko, na kule nje watu wakacheka na kufuta macho. Akasema ya mboga jikoni. Kisha kimya. Baba mnene alivua kofia. Mkasi aliusikiliza ukimya ule akauona una uzito wake, na hakuuogopa.

Ghafla ukapigwa muziki wa dansi.

Magitaa, tarumbeta, mwimbaji anamwita mpenzi wake waende wakacheze. Mtangazaji aliruka kitini. Mkasi aliitazama mikono yake, bado imo mfukoni, na ndipo alipokumbuka. Kwenye chumba cha mitambo kulikuwa na kidude kinachosikiliza redio usiku na mchana. Kikisikia kimya kimezidi, kinajua ndani kumeharibika, na chenyewe kinapiga muziki wa akiba. Mkasi ndiye aliyembembeleza bosi kinunuliwe, na ndiye aliyekitega kisiwe na subira. Ila kwa miaka yote hakuwahi kukiachia kimya hata cha kupiga chafya, kwa hiyo hakijawahi kufanya kazi, naye akakisahau kabisa. Alikimbia akakizima. Lakini huko chini ya tarumbeta dada alikuwa ameshasema neno lake la mwisho, na nchi nzima haikulisikia.

Safari hii redio hazikuwekwa chini. Zilirushwa juu ya ukuta. Mkasi akatoka kwa mlango wa nyuma, kioo kikipasuka mgongoni kwake, akaenda mbio kwa dada.

Nyumba ilikuwa imejaa majirani mpaka mlangoni. Redio ilikuwa imezimwa, na dada alikuwa ameketi katikati yao akiwasimulia kwa mdomo wake mwenyewe. "Nikamwambia, mwanangu nina mboga jikoni..." Akamwona Mkasi. Akanyamaza. Wote wakageuka.

"Dada, sikukukata," Mkasi alisema akihema. "Wallahi mikono yangu ilikuwa mfukoni. Ni mashine, dada, ile mashine ikisikia kimya..."

"Najua, mdogo wangu," dada alimjibu kwa upole. Kisha akawageukia majirani. "Ngojeni kwanza huyu atoke."

Mkasi akatoka. Akauvuta mlango taratibu, na kabla hajaufikia mtaa akaisikia sauti ya dada ikianza upya.